Kura ya Wino Mwekundu

Uchaguzi uliopita nilipanga foleni kwenye shule ya msingi iliyo karibu na kwangu, Kibaha, kama mtu mwingine yeyote. Nilipofika mbele, binti mmoja aliyevaa kizibao cha ukarani akanishikia karatasi kwa mikono miwili, akapaza sauti kama vile mimi ni kiziwi.

"Shikamoo bibi! Hii unaijua, au nikuelekeze?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nielekeze."

Akanielekeza. Hapa unaweka vema, moja tu, usiandike jina lako, ukimaliza unakunja hivi. Kwenye kukunja alikosea. Alikunja kwa namna ambayo wino mbichi unagusa upande wa pili na kuacha alama nyingine, na jioni watu wanakuja kugombana juu ya alama hiyo. Ulimi uliniwasha. Nilitaka kumwambia, kunja kwa urefu kwanza, mama, halafu ndiyo ukunje kwa upana. Sikusema. Siku hiyo kituo kilikuwa chake, na mpiga kura hana ruhusa ya kuendesha kituo. Nikaingia kwenye kituturi, kile kibanda cha kufichia kura, nikakunja ninavyojua mwenyewe.

Nyumbani nilikaa barazani bila hata kuvua viatu. Nilikuwa na hamu, hamu ya mtu aliyepita mbele ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake akaona pazia la watu wengine dirishani.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi vijana mnaopeleka barua za kuomba ukarani wa uchaguzi. Najua wengi wenu mnaomba kwa sababu ajira hakuna, na sitawalaumu. Mimi hata sikuomba, nilitumwa. Jina langu ni Nakijwa, kwetu ni Upareni, lakini watoto wa mtaa huu wananiita Bibi Masjala, kwa kuwa maisha yangu yote ya kazi niliyamalizia kwenye chumba cha mafaili, Kisarawe. Kila uchaguzi ulipokaribia, walinitoa kwenye mafaili wakanipeleka vijijini: Masaki, Marui, Chole. Nilianza kama karani wa kuongoza watu kwenye foleni, nikaishia msimamizi wa kituo. Miaka ikapita hivyo hivyo, sanduku hili na sanduku lile, mpaka nikapewa barua ya kustaafu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Bwana Shomari, mtu mfupi, mkali, aliyevaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi hata kama tunakwenda porini. Siku ya mafunzo aliweka sanduku mezani akaniita mbele ya wenzangu.

"Asubuhi kabla ya kufungua kituo, unawaonyesha nini wananchi?"

"Sanduku, bwana."

"Kaa chini. Nani mwingine?"

Akaligeuza sanduku juu chini, akalitikisa.

"Unawaonyesha kwamba hamna kitu," akasema. "Mtu akiona kwa macho yake kwamba hamna kitu, jioni atakubali kilichomo. Asipoona, hata ukimletea malaika ahesabu, atakataa."

Mara yangu ya kwanza kufanya hivyo peke yangu ilikuwa kijiji kimoja cha Marui. Nikaligeuza sanduku kwa madaha mbele ya foleni nzima, nikalitikisa, akadondoka mjusi. Mzuri, mnene, alikuwa amelala zake humo tangu stoo. Mzee mmoja wa mbele akasema, "Huyo ameshapiga, mwandikeni." Foleni ikavunjika kwa kicheko. Niliona aibu siku hiyo, leo natamani nikisikie tena kile kicheko. Watu waliocheka pamoja asubuhi huwa wanagombana kwa adabu jioni.

Ila kisa ninachotaka mkijue si cha mjusi. Ni cha kosa langu, na sijawahi kukiandika popote.

Kwenye kata ya Chole kuna kijiji ambacho sitakitaja. Mwenyekiti wake kwa miaka mingi alikuwa Mzee Pazi, mwenyeji wa huko, mkulima wa mihogo na korosho, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimisha kumsogelea ili umsikie. Zamani hizo hakukuwa na nyumba ya wageni, na pikipiki za abiria zilikuwa bado hazijafika. Ukitumwa kazi huko unalala kwa mwenyekiti. Mimi nililala kwake mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, chumba kimoja na wajukuu zake, na mkewe Bi Tatu akinipikia kama mtoto aliyetoka shule ya bweni.

Mimi nilitoka shule nikijua kwamba wananchi ndio wenye mamlaka. Nilijua kama mtu anavyojua wimbo wa lugha asiyoielewa. Kwa Mzee Pazi ndiko nilikoelewa. Siku moja nilikuwa huko kwa kazi ya takwimu za kaya, nikahudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Alikuwa amekuja mwekezaji anayetaka eneo la malisho, na Mzee Pazi alilitaka jambo hilo kwa moyo wote, maana mtu yule aliahidi kisima. Akalieleza vizuri. Wafugaji wakasimama, watu waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakasema tukikosa hapo tutapita kwenye mashamba yenu. Wakulima nao wakawaunga mkono, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Wakapiga kura ya mikono. Mzee akashindwa vibaya.

Nilidhani atafunga mkutano kwa hasira. Yeye akamgeukia mtendaji wa kijiji, aliyekuwa anaandika muhtasari, akasema, "Andika. Mkutano umekataa." Kisha akauliza ajenda inayofuata ni ipi.

Njiani kurudi nyumbani nikamwuliza kama haikumuuma.

"Imeniuma," akasema. "Kisima kile nilishakiona. Nilishakunywa maji yake."

"Si ungewaambia wewe ndiye mwenyekiti?"

Akacheka. "Mwenyekiti maana yake wamenipa kiti. Hawajanipa kijiji."

Nilipomsimulia Bi Tatu jikoni, naye alicheka, lakini kicheko chake hakikuwa kama cha mumewe. Alikuwa anakuna nazi. "Kiti amepewa yeye," akasema, "ila anayekipikia ni mimi. Kila anayekuja na gari, Tatu weka chungu. Kila wanapogombania mpaka wa shamba, Tatu leta chai. Mimi nani alinichagua?" Nikacheka nikidhani ni mzaha. Pengine ulikuwa mzaha.

Sasa ukaja uchaguzi ambao Mzee Pazi alipata mpinzani wa kweli. Aliitwa Sikudhani, mwanamke wa makamo, mjane, mkulima pale pale kijijini. Huyu alianza kujulikana kwa kuuliza maswali. Kwenye mikutano alikuwa anasimama na daftari la shule la watoto, anasema, "Mkutano uliopita mlisema msitu wa juu hautachomwa mkaa. Naomba tusomewe muhtasari." Watu walimchoka, halafu wakamzoea, halafu wakaanza kumwuliza atagombea lini.

Mimi nikapangwa msimamizi wa kituo hicho hicho.

Hapa nisikilizeni, maana hili hamtafundishwa vizuri. Ukipangwa kituo ambacho una ndugu au rafiki mgombea, mwambie mkubwa wako mapema. Mimi nilimwambia, akasema hakuna mwingine, nenda, ila usilale kwake. Nikaenda kulala kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, juu ya godoro la wagonjwa. Jioni kabla ya uchaguzi Bi Tatu akamtuma mjukuu wake wa kike na hotpoti: wali wa nazi na samvu la majani ya mihogo, chakula alichojua nakipenda. Nikakirudisha. Nilimwambia yule binti, "Mwambie bibi nashukuru, lakini safari hii siruhusiwi."

Baada ya muda Bi Tatu akaja mwenyewe, amejifunga kanga kiunoni.

"Nakijwa. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama. Mzee ni mgombea. Nikila kwako leo, kesho watu watasema nimenunuliwa kwa samvu."

"Watu gani? Watu wanajua umekula kwangu miaka yote."

"Ndiyo maana, mama."

Alinitazama, akageuka, akaondoka bila kuniaga. Nilikula biskuti na maji. Nilikuwa sahihi. Nawaambia tu mjue kwamba kuwa sahihi kwenye kazi hii mara nyingine kunakufanya umuumize mtu aliyekutendea wema.

Asubuhi tukafungua darasani, shuleni. Nikageuza sanduku, nikalitikisa, nikalifunga kwa lakiri ili lisifunguliwe, mbele ya mawakala wawili, kila mgombea na wake. Kila kitu nilikikagua isipokuwa kalamu. Ndani ya kituturi niliweka kalamu moja tu ya bluu, na sikuijaribu.

Foleni ilikwenda vizuri. Wazee wengi wa kule hawakusoma, kwa hiyo kila mmoja nilimwelekeza kwa maneno yale yale: chagua mmoja, weka vema kwenye kisanduku chake. Bi Tatu alipofika alipokea karatasi kwangu bila kuniangalia usoni.

"Vema ndiyo ipi?" akauliza.

Nikamchorea hewani kwa kidole, mstari unashuka, mstari unapanda. Yeye alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Alichokiona kutoka upande ule sijui.

Akaingia. Punde si punde akaninong'oneza kutoka ndani, "We mwanangu, kalamu haitoi!"

Karani wangu alikuwa anaandika kwa kalamu yake, mawakala wameinamia daftari la wapiga kura, foleni inanung'unika mlangoni, jua limeshapanda. Nikapapasa mfukoni nikakuta kalamu yangu ya masjala, ile ninayoandikia mafaili yakishafungwa. Nikampitishia kwa juu ya kituturi. Akamaliza, akatumbukiza kura yake, karani akamchovya kidole kwenye wino, Bi Tatu akanirudishia kalamu yangu, akatoka. Nikatafuta ya bluu kwenye begi, nikaijaribu kiganjani, nikaiweka. Aliyefuata akaingia. Sikufikiria lolote.

Kalamu ya masjala ni nyekundu.

Kwa hiyo, andikeni hili hata kama mtasahau mengine yote: beba kalamu nyingi za rangi moja, zijaribu zote asubuhi, na usitoe ya mfukoni kwako hata kama foleni inakuzomea. Usiri wa kura hauvunjwi na wachawi. Unavunjwa na msimamizi mwenye haraka.

Tulifunga kituo alasiri, tukaanza kuhesabu jua likiwa bado juu. Madirisha ya darasa lile hayakuwa na vioo, na watu walikuwa wamekaa nje chini ya ukuta wakisikiliza. Nafungua karatasi, nainua juu, nasoma jina, karani anaweka kwenye fungu lake. Sikudhani. Pazi. Pazi. Sikudhani. Mafungu yakawa yanapanda sawasawa, na sauti za nje zikaanza kupungua. Nikafungua karatasi moja, mkono ukasimama.

Alama ilikuwa nyekundu. Halafu haikuwa vema. Ilikuwa mistari miwili iliyokatana, mikubwa kama msalaba wa kaburini, imeanzia kwenye kisanduku cha Mzee Pazi ikapanda mpaka juu ya jina lake. Kisanduku cha Sikudhani kilikuwa cheupe.

Nikaiweka pembeni, nikasema hii tutaijadili mwisho. Tukamaliza zote. Tukahesabu mara ya pili. Sikudhani alikuwa mbele kwa kura moja.

Maana yake mnaielewa. Nyekundu ile ikiwa ya Mzee Pazi, wamelingana, na kijiji kinarudia uchaguzi. Ikiwa imeharibika, Sikudhani ameshinda.

Wakala wa Mzee Pazi, fundi baiskeli mmoja, akawa wa kwanza. "Hiyo ya mzee. Si kisanduku chake hicho?"

"Ya mzee vipi?" akajibu wakala wa Sikudhani, binti aliyekuwa ametoka sekondari. "Amemfuta! Mwalimu akikuwekea alama hiyo kwenye daftari, unakwenda nyumbani unafurahi?"

"Wangapi humu walikaa na mwalimu? Mtu ameambiwa weka alama, ameweka alama."

"Juu ya jina?"

"Mpiga kura akiwa mzee, mkono unatetemeka!"

"Nani kasema ni mzee?"

Fundi akasema neno ambalo nililiogopa. "Basi tusibishane. Na hii nyekundu imetoka wapi? Mwenye kura hii yuko hapa hapa kijijini. Aitwe, aseme mwenyewe alimtaka nani, tumalize."

Mimi nilikuwa natazama karatasi, maana kama ningeinua macho yangekwenda dirishani, na Bi Tatu alikuwa amekaa hapo nje na wanawake wenzake. Nilijua. Katika watu wote wa kijiji kile, ni mimi peke yangu niliyejua kura ile ni ya nani, na nilijua kwa sababu ya uzembe wangu. Mke wa mgombea. Atakuwa amempigia mumewe, nani atauliza? Halafu nikamkumbuka jikoni na ile nazi. Mimi nani alinichagua.

"Kalamu nyekundu niliitoa mimi, ya bluu ilipogoma," nikasema. "Kosa ni langu na nitaliandika kwenye taarifa. Mwenye kura haitwi."

"Kwa nini asiitwe?"

"Akiitwa leo, uchaguzi ujao nani ataingia kwenye kituturi bila kuogopa kuitwa? Mtu akishakunja karatasi, hata mumewe, hata mama yake, hata serikali, hana haki ya kumwuliza."

Hata mumewe. Neno lilinitoka lenyewe. Hakuna aliyelishika.

Mwongozo wetu ulisema kura ihesabiwe kama nia ya mpiga kura inaonekana wazi. Nikauliza kwa sauti: kuna mtu humu anayeweza kuapa kwamba nia hii iko wazi? Fundi akaisogeza karatasi kwangu. Nikaandika nyuma ya karatasi: imekataliwa, nia haijulikani. Nikatia saini.

Miaka mingi nimekuwa nikijihoji. Kama ingekuwa ya bluu, kama singejua, ningeihesabu? Pengine ndiyo. Msalaba ndani ya kisanduku, kwingine kweupe, wasimamizi wengi wangesema huyu amechagua. Sijui kama niliikataa kwa sababu ya mwongozo, au kwa kuogopa kuambiwa nimemlinda mwenyeji wangu. Anayetaka sana kuonekana hapendelei anaweza kuishia kuonea. Hilo nalo mlibebe.

Nikamwita kila mgombea ndani kabla ya kutangaza. Mzee Pazi alisoma fomu polepole, miwani imemshuka puani. Akauliza swali moja tu.

"Iliyokataliwa, wewe mwenyewe umeitazama?"

"Nimeitazama, Mzee."

"Na umeridhika?"

"Nimeamua, Mzee."

Akanitazama kwa juu ya miwani. Alielewa tofauti ya maneno hayo mawili, nina hakika alielewa. Akachukua kalamu akasaini. Kisha akatoka nje kabla yangu, watu wakamzunguka, akainua mkono. "Mwenyekiti wenu ni Sikudhani," akasema kwa ile sauti yake ya chini, na watu ikabidi wasogee. "Mimi naomba nafasi ya kwenda kupalilia mihogo yangu."

Kesho yake nilibaki kushuhudia makabidhiano. Mhuri, funguo za ofisi, daftari la mihtasari. Sikudhani alidhani yameisha hapo. Mzee Pazi akasema bado, akavaa viatu vyake vya mvua, akamchukua kutembea naye mipaka yote ya kijiji, jiwe kwa jiwe, anamwambia hapa wafugaji wanapita mwezi gani, hapa fulani na fulani waligombana, huyu ukimwita mpe kiti kwanza, ndiyo atasema. Niliwafuata nusu ya njia, miguu ikanishinda. Niliwaona kwa mbali, yeye mbele anaonyesha kwa fimbo, mwanamke yule nyuma anaandika kwenye daftari la watoto wake. Nikifumba macho leo nawaona. Tangu siku ile nimeona makabidhiano mengi, yenye spika na maturubai, na bado natamani yale.

Jioni yake Bi Tatu alikuja zahanati na hotpoti.

"Kazi imeisha?"

"Imeisha, mama."

"Basi kula."

Nikala, yeye amekaa ananitazama.

Miaka michache baadaye Mzee Pazi alinipitia masjala, Kisarawe, ameleta nakala za hati ya shamba. Alikuwa amekonda lakini amechangamka. Akaketi kwenye lile benchi la wageni, tukazungumza mvua, tukazungumza korosho. Akamsifu Sikudhani: msitu wa juu umeota tena, na kisima kimepatikana kwa njia nyingine. Alipokuwa anainuka akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, "Ile kura nyekundu. Huwa naifikiria nikiwa shambani."

Nikashika faili lolote lililokuwa karibu.

"Ulijua ni ya nani?"

"Mzee wangu," nikasema, "ningejua, ningekuambia?"

Akatabasamu. "Hapana. Usingeniambia." Akavaa kofia, akaniaga. Nilimtazama kwa dirishani akivuka barabara taratibu, akisubiri malori yapite. Sikumwona tena. Habari za msiba wake zilinifikia mwezi mzima umeshapita, mimi nikiwa safarini Upareni kwa mazishi mengine.

Nilipostaafu, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kwenda kumpa pole Bi Tatu. Nilipanda gari mpaka Masaki, kutoka pale nikachukua bodaboda, kijana wa watu akiniambia kila kwenye kona, "Shika vizuri, bibi." Njia niliijua lakini nyumba sikuitambua, bati lilikuwa jipya. Bi Tatu alikuwa amekaa juu ya mkeka anabangua korosho kwa jiwe, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, macho yameanza kuingia ukungu. Alinijua kwa sauti.

"Nakijwa. Umechelewa, mwanangu."

"Nimechelewa, mama. Pole sana."

Tulilia kidogo, tukacheka kidogo. Nikasogea nikabangua naye. Akaniuliza habari za wanangu, nikamwambia. Baadaye akatua jiwe.

"Siku ile nilikuwa dirishani," akasema. "Niliposikia nyekundu, nikajua ni mimi."

Nikaendelea kubangua.

"Na marehemu naye alijua, nadhani. Au alihisi. Miaka yote tuliyokaa baada ya pale, nilikuwa naona swali linamfika mdomoni, analirudisha. Tunakula, naliona. Anavaa kwenda msikitini, naliona. Hakuniuliza mpaka anakufa." Akafuta vidole kwenye kanga. "Sasa wewe nitakuambia."

Vijana, sijawahi kutaka kusikia jambo maishani kama nilivyotaka kulisikia lile. Na mkono wangu ukainuka wenyewe.

"Usiniambie, mama."

"Kwa nini? Mwenyewe hayupo. Uchaguzi ulishapita, na nyingine zimepita juu yake."

"Kura ni yako."

"Kama ni yangu, si naweza kuisema?"

"Unaweza. Mimi ndiye sina ruhusa ya kuisikia. Nilikaa kwenye kile kiti cha msimamizi."

Alinitazama kwa yale macho ya ukungu. Hakukasirika kama alivyokasirika siku ya samvu. Akaokota jiwe lake, akachukua korosho nyingine.

"Haya," akasema. "Ila nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja tu wa kumwambia."

Bi Tatu alifariki kabla ya mvua za masika za mwaka uliofuata. Safari hii niliwahi mazishi. Nilikaa na wanawake wa kile kijiji, baadhi yao ndio waliokuwa naye chini ya dirisha, na hakuna hata mmoja niliyeweza kumwuliza.

Sheria niliilinda, nami nitawaambia ninyi muilinde vivyo hivyo, mtakapokaa kwenye viti hivyo. Lakini siku ile ya kubangua korosho sikuwa kitini. Nilikuwa na barua ya kustaafu ndani ya mkoba, na nilikaa kwenye mkeka wa yule mama kama msimamizi wa kituo. Natamani ningekaa kama mwanawe.